Gadi ya Friji ya Mama

Buruburu, Nairobi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii niliyoikunja ndani ya boksi la gadi itakukuta u mzima, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi sijambo. Kazi ya ofisini inaniendea vyema. Juzi mkuu wetu aliisoma ripoti yangu mbele ya wenzangu na kuisifu. Jioni ile nilitamani kumweleza mtu, lakini chumbani hapakuwa na wa kuelezwa, basi nikapika ugali, nikaula nikitazama ukuta.

Uliponiambia kwenye simu, "Mwende, chagua wewe uliyesoma," nilishukuru kwa imani yako, na pia niliogopa. Friji ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, na insulini ya Mama ikaharibika kabla hatujajua. Hii ya pili ikiungua, sioni dawa yake tutaihifadhi wapi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na Barabara ya Jogoo, nikamwomba muuzaji anieleze tofauti ya kila gadi, yaani kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya umeme mbaya, iliyokuwa kwenye rafu.

"Madam," akasema, "unanunua gadi ama unanifanyia intavyuu?"

"Ni ya kulinda dawa ya mamangu," nikamjibu.

Akaacha kucheka. Akanitia mkononi waya mrefu wenye soketi nyingi. "Huu ni wa tivi na kompyuta. Umeme ukiruka, unazuia. Lakini ukififia, unaupitisha tu. Huko kwenu kuna kinu cha posho karibu?"

Nikakumbuka jinsi taa zetu zinavyolegea jirani anapoanza kusaga.

"Basi yako ni gadi ya friji. Umeme ukizidi ama ukipungua, inakata. Ukirudi, inangoja dakika kadhaa utulie, ndiyo ifungue."

Sikutaka kukutumia kitu ambacho sijakijaribu, na mimi sina friji. Tangu nihamie hapa sikuwa nimebisha mlango wa mtu yeyote. Siku hiyo nikabisha kwa jirani yangu, Mama Shiro, nikajieleza kwa ufasaha wangu wote.

"Kumbe unaongea!" akasema. "Sisi tulidhani wewe ni wa kutikisa kichwa tu. Ingia!"

Tukaunganisha friji yake. Kimya.

"Wee, umeuziwa maiti." Akaichomoa gadi, akaichomeka tena. Kimya. Akaipiga kofi, akachomoa mara nyingine. Nilipomsihi aiache, akanivutia kiti, akanimiminia chai, akanisimulia habari za binti yake aliye shule ya bweni. Ghafla friji ikanguruma nyuma yetu, tukapiga kelele kama waliofunga bao. Kisha ikanibidi nichukue gadi yangu na kurudi kwangu. Nilisimama mlangoni kitambo, nikimsikia akicheka na redio yake upande wa pili wa ukuta.

Sasa, Baba, naomba unisikilize kwa makini. Taa nyekundu ina maana kwamba gadi inangoja. Ya kijani, kwamba umeme unapita. Kila ukiichomoa, inaanza kungoja upya, na mtu mwenye haraka anaweza kuchomoa na kuchomeka asubuhi nzima huku dawa ikipata joto. Usiipige kofi, wala usimruhusu kaka Muthama aichomeke friji moja kwa moja ukutani. Radi ikikaribia, endelea kuchomoa kila kitu na kufunika vioo kama ilivyo desturi yetu, maana gadi haishindani na radi. Ila mvua ikikatika, tafadhali rudisha plagi kabla hujatoka kwenda kutazama mahindi.

Nisalimie Mama kwa namna ya pekee, kaka Muthama fundi wetu wa baiskeli, shangazi Kalekye mwimbishaji wa kwaya, na Nyanya, ambaye najua atauliza kama nimenenepa. Mwambieni ndiyo.

Na siku mtakapoiunganisha, nipigie simu. Huna haja ya kusema neno, Baba. Iweke tu simu juu ya friji, niisikie inavyonguruma humo jikoni mwenu, hata kama itakuwa kwa muda mfupi.

Ni mimi bintiyo mtiifu,
Mwende