Ruhusa ya Kwenda Nyumbani: Tunamkumbuka Amram Vaknin

Mwaka mzima umezunguka, Baba, tangu tukulaze kule makaburini Haifa, na hadi leo ikifika Ijumaa mchana hatujui tukae wapi.

Ijumaa ilikuwa yako. Ulipika samaki wa pilipili kama wa bibi Freha, mama yako, ukimfukuza Mama jikoni mwake mwenyewe. "Mama Elazar, toka hapo, utanitilia sukari kwenye samaki!" Naye, "Nani akutilie sukari, wewe mwenye ulimi mkali kuliko hiyo pilipili?" Ulikuwa fundi bomba mwenye mikono migumu, lakini hukuacha mwiba hata mmoja ufike kwenye sahani ya mjukuu.

Mezani, nyimbo za Sabato zikiisha, ilikuwa zamu ya hadithi zako za shule. Mtoto wa wahamiaji kutoka Moroko, umri miaka kumi na minne, umetolewa Beit Shean ukapelekwa shule ya bweni ya dini huko milimani, kati ya wavulana ambao baba zao walitoka Polandi. Samaki wao mtamu kama keki! Ukaficha chupa ya pilipili chini ya kitanda. Shmuel Lifshits wa kitanda cha pili akailamba kwa ujeuri, akasali zaburi zote huku kamasi zikimtoka. Talmudi, kitabu cha sheria za dini yetu, mlisoma wawili wawili, mkibishana hadi sauti zikauke. "Pale ndipo nilipofanywa mtu," ulisema kila mara. Tuliamini. Kwa nini tusiamini, na wewe ulikuwa ukicheka?

Habari za ruhusa hukutuambia.

Kumbukumbu zilipoanza kukutoka, yalitangulia majina ya wajukuu, ikafuata kazi, kisha sisi. Shule ikabaki. Ijumaa moja ukasimama mbele ya Elazar, mwanao wa kwanza, umeinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mkuu wa shule.

"Rabi Tsinger, naomba ruhusa niende nyumbani Sabato hii."

"Baba, ni mimi, Elazar. Uko nyumbani."

"Tafadhali, Rabi. Mama yuko peke yake. Hata mwezi uliopita ulininyima."

Tukampigia simu Shmuel, rafiki yako mpaka uzeeni. "Tulikuwa tunaruhusiwa Sabato moja kwa mwezi," akasema. "Aliyeteleza darasani, hata hiyo anaikosa. Amram alikuwa analia kila Ijumaa, jamani. Anaficha uso kwenye mto, na sisi tunajifanya hatusikii."

Tulijaribu kila njia. Tukikukatalia, unalia. Tukikuruhusu, unabeba begi unasimama mlangoni: basi la mwisho liko wapi, mbona jua linashuka? Jua la Ijumaa likizama Sabato inaingia, na kusafiri ni marufuku, na hata akili ilipokwenda, sheria haikukutoka. Mama akiwasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato tu, uliweka begi chini. "Basi, nimechelewa. Mama atakula peke yake." Ee Mungu, maneno yale! Kila wiki tuliyasikia, na kila wiki hatukuwa na la kufanya.

Ndipo Elazar akasema liwalo na liwe. Ijumaa asubuhi akakutia kwenye gari, Hadas dada yake kando yako, mkaenda Beit Shean kwenye nyumba ile ya zamani ya mama yako. Uliitambua kabla gari halijasimama. Alifungua mwanamke kijana tusiyemjua, unga mikononi. Elazar akamweleza kwa sauti ya chini. Mungu ambariki dada yule, akakugeukia: "Karibu nyumbani, Amram. Mama ametoka kidogo, anarudi."

Ukaketi kwenye ngazi ya mlango, ukavua viatu. Ulikuwa na furaha, Baba. Tulikuwa tumesahau uso wako ukifurahi unafananaje.

Jua likasogea. Dada yule akasema laleni hapa hapa, chakula kipo. Lakini dawa zako za moyo tulizisahau Haifa, na maduka yote ya dawa yalikwisha fungwa kwa Sabato.

"Baba, twende," Elazar akasema.

"Nendeni nyie, msije mkachelewa. Mimi nimeshafika."

Hadas akakubembeleza, akakuahidi kila kitu. Ukashika nguzo ya kibaraza. Mwishowe wanao wawili, uliowafundisha kutembea, wakakubandua vidole mbele ya majirani, nawe unapiga kelele: "Mama! Mama, wananirudisha!"

Njiani Elazar aliendesha huku akifuta macho kwa mkono wa shati. Mlipokaribia Haifa ukamgusa bega.

"Rabi," ukauliza kwa adabu, "kosa langu lilikuwa nini?"

Hukutusubiri tutafute jibu, maana Sabato iliyofuata ulitutoka usingizini, kimya kimya.

Unakumbukwa na mkeo Tsipora, ambaye sasa anapika samaki wa pilipili na kulalamika kwamba hawatoki sawa. Na wanao Elazar na Hadas. Na mkweo Yiskah. Na wajukuu zako wote. Na Shmuel, ambaye hujikongoja hadi sinagogi kusimama nasi tunapokusomea Kadishi, sala ya kuwakumbuka marehemu.

Hukuwa na kosa, Baba. Hata moja. Tutakukumbuka maadamu tunapumua.