Kompyuta Mpya ya Maternité

Jumatatu, 3 Novemba
Foleni ya akina mama hadi getini. Mizani, presha, fishi. Mizani, presha, fishi. Kompyuta mpya imefika, ya kutunzia hizo fishi, karatasi za taarifa za kila mama. Daktari Ilunga ameiweka juu ya meza yangu, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa maternité, kituo chetu cha uzazi, na nilisomea mambo ya ofisi.

Mchana shemeji yangu Trésor, anayefundisha informatika, mambo ya kompyuta, kule chuoni Kasapa, alikuja kuiwasha. Huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Odette, mbele ya yote, mise à jour za usalama. Unaingia mu paramètres, mipangilio ya mashini yenyewe, unaacha inapakua, inazima, inawaka. Unaangalia tena mpaka itasema hakuna ingine. Kisha njo unatia mafishi. Na dirisha ikikurukia ku internet, eti fanya mise à jour hapa, usiguse."

Nilisema ndiyo. Akili yangu ilikuwa kwenye harusi ya mdogo wangu.

Jumatano, 5 Novemba
Intaneti inatambaa. Masasisho, zile mise à jour za Trésor, yanaanza, umeme unakatika, yanaanza upya. Nimebonyeza "baadaye". Daktari anataka fishi ziingie haraka, basi nimeanza kuziandika. Mkunga wetu, Yaya Ngalula, amekaa kando yangu akinisomea: jina, aina ya damu, uzazi uliopita. Mtu mwema. Fishi za zamani zimeoza kwa unyevu. Zikishaingia tunazichoma nyuma ya jiko.

Ijumaa, 7 Novemba
Baadaye. Jana pia baadaye.

Alasiri kulikuwa kimya. Nikafungua picha za mishono ya libaya, blauzi ya kitenge, kwa ajili ya harusi. Dirisha jekundu likaruka: mashine yako iko hatarini, weka masasisho ya usalama sasa. Nikafurahi! Nilisahau kabisa maneno ya Trésor, au sikutaka kuyakumbuka. Nikabonyeza. Yakaisha upesi. Nikajiona nimefanya kazi yangu.

Kabla ya kufunga, Yaya Ngalula aliomba kuchapisha karatasi za shule za mwanawe. Akachomeka flashi yake. Sote tulimwona.

Jumamosi, 8 Novemba
Fishi hazifunguki. Hata moja. Kwenye kioo kuna maandishi: lipeni, ndipo mtazipata. Nakala hatukuweka popote.

Daktari alipaza sauti hadi benchi lote la akina mama likageuka. Nani aligusa mashine hii?

Nikasema: "Jana Yaya Ngalula alitia clé, flashi yake."

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Yaya Ngalula alinitazama, akingoja niendelee. Sikuendelea.

Lile dirisha jekundu nililikumbuka palepale, kabla Daktari hajamaliza swali lake. Hilo naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kumdanganya.

Jumapili, 9 Novemba
Misa. Sikwenda kupokea komunyo. Mume wangu akauliza. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 10 Novemba
Daktari amemwambia Yaya Ngalula akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Yaya akakunja koti lake jeupe, akalitia kwenye mfuko. Getini mlinzi akasema kwa sauti: "Bakasai njo vile." Wengine wakacheka, maana Yaya Ngalula asili yake ni Kasai, na hapa Katanga watu wa Kasai husingiziwa kila baya. Mimi nami wazee wangu walitoka kaskazini ya Katanga kwa kazi ya reli. Hakuna anayetuambia hivyo. Nilisikia. Nilikuwa na mdomo. Nikapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Yaya Ngalula akaniaga: "Ubakie muzuri, mudogo yangu."

Afadhali angenitukana.

Jumanne, 11 Novemba
Naandika haya usiku.

Mama Chantal, mmoja wa wajawazito wetu, aliletwa na teksi, uchungu umemkaza, damu inamtoka. Hakuweza kusema. Kadi yake imebaki nyumbani. Mumewe hajui aina ya damu yake. Aliponiona alitulia kidogo. "Fishi yake njo iko ku mashini, mama?" Ndiyo, baba, iko kwenye mashine. Niliiandika mimi mwenyewe.

Ikabidi kupima upya kila kitu. Mkunga wa zamu mgeni. Hakuna aliyejua kwamba uzazi uliopita pia alitoka damu nyingi, basi hakuna kilichokuwa tayari. Damu ikachelewa kufika. Nilisimama mlangoni, sina kazi yoyote.

Mama amepona. Mtoto wa kike alitoka bila kulia. Wamempeleka hospitali kubwa, anapumua kwa oksijeni.

Daktari alipotoka kunawa mikono, nilimfuata.

"Daktari, haiko Yaya Ngalula. Njo miye. Nilifinya dirisha ya ku internet. Na mise à jour za kweli, sikufanya hata moya."

Hakupaza sauti. "Juu ya nini haukusema siku ile?"

"Woga."

Akafunga bomba. Akaniacha pale.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimekwenda kwa Yaya Ngalula, mtaani Kampemba. Alikuwa anachekecha unga wa bukari. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Nilijua haiko miye," akasema. "Nilikuwa nangojea utasema."

Nikaomba msamaha. Akaendelea kuchekecha.

"Ya mashini, nakusamehe. Kila muntu anaweza kufinya mubaya. Lakini ule mulinzi, ulisikia. Ulikuwa pale. Ukanyamaza. Ile njo inaniuma, Odette."

Hakusema mudogo yangu. Nilitembea hadi barabara kubwa nikilia kama mtoto, watu wananitazama.

Ijumaa, 14 Novemba
Trésor amefuta mashine yote, ameianza upya. Fishi zimepotea. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Asubuhi nzima nilikaa mbele yake, chaja imechomekwa, sikufungua kitu kingine chochote. Inazima, inawaka. Natafuta tena, yapo mengine. Inazima, inawaka. Mwishowe ikasema hakuna tena.

Kisha Daktari akaita watu wote. Nikasema mbele yao nilichofanya. Nikamgeukia mlinzi pia, nikasema neno lake la Jumatatu lilikuwa baya, na kimya changu pia. Aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyecheka.

Mtoto wa Mama Chantal ameondolewa oksijeni. Ananyonya.

Jumatatu, 17 Novemba
Yaya Ngalula amerudi. Alisalimia wote, mmoja mmoja. Nami pia, sawa na wengine.

Tunawaita akina mama warudi kuandikwa upya. Wanalalamika. Wana haki.

Saa ya kula Yaya Ngalula alikaa upande wa pili wa baraza. Sikumfuata. Mvua ikaanza kunyesha kwa upepo, ikatupiga kote kuwili. Tukaingia ndani na sahani zetu. Benchi ni moja. Alisogea kidogo, nikakaa. Tulikula mpaka mvua ikapungua.