Mama Kwenye Simu za Watu

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa mkono, kwenye daftari la shule la mjukuu wako, maana nikiandika kwenye simu nitakuwa nimekukosea mara ya pili. Ya kwanza nakueleza sasa hivi.

Nyumbani wazima. Kwenye kibaraza chako cha vifungo na zipu pale Kariakoo anakaa mke wa Hamisi, na wateja hawakukimbia. Mafundi cherehani bado wanakuja na kipande cha kitambaa mkononi wakitaka kifungo cha rangi ileile. Ila wifi yangu hajajua bado kutofautisha nyeupe ya maziwa na nyeupe ya chumvi. Wanamtania, anacheka nao.

Ulipotutoka, Mama, hatukuwa na picha yako. Ulikuwa hutaki. Mtu akipita anarekodi mtaa, ulikuwa unavuta mtandio mpaka puani unasema, "Uso wangu nimekuja nao sokoni kuuzia vifungo, sikuuleta uuzwe." Hata harusi ya Hamisi uligeukia ukutani. Tulibaki na kitambulisho chako cha taifa, na mle umekaa kama mtu anayesubiri hukumu.

Baada ya arobaini nikaanza kukusahau. Si wewe, uso wako. Siku moja naosha vyombo, najaribu kukumbuka kile kidoti chako kilikuwa shavu lipi, la kulia au la kushoto. Nikashindwa. Nikakaa chini palepale jikoni, mikono ina povu.

Nikamwambia Hamisi. Unamjua mdogo wangu, mkate wake ni kuyatengenezea maduka matangazo ya mitandaoni, hakuna kipya kinachompita. Akasema ipo programu, ukiipa uso wa mtu inautafuta kwenye kila video ambayo watu wameianika. Akaipa kitambulisho chako. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tumekaa kwenye mkeka sebuleni. Simu ikazunguka ikitafuta, muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Kisha ukaja.

Mama, ulikuja. Upo nyuma ya msichana anayeonyesha viatu, unahesabu vifungo kwa midomo. Upo siku ya mvua unavuka mtaa, kanga umeipandisha, maji ya tope yamefika kwenye vifundo vya miguu, na umembeba mtoto ambaye si wetu, wala sijui alikuwa wa nani. Upo pembeni ya kijana anayefundisha kufunga kilemba. Unakula muhogo wa kukaanga, pilipili imekuwasha, umecheka kichwa nyuma mpaka pengo linaonekana. Kidoti kiko kushoto.

Hawa watu hawakujui. Hawajui kama walikurekodi. Miaka yote unajificha, kumbe mji mzima ulikuwa umekubeba mfukoni bila kujijua. Sikujua nifurahi au niogope. Hamisi, ambaye mashine hizi ni kazi yake, alisema tu "Subhanallah," kwa sauti ndogo, akaweka kikombe chini.

Tungeishia hapo. Lakini kilikuwepo kipande cha mwisho.

Mwanamke mmoja amejirekodi nje ya hospitali kubwa kule Upanga, anamshukuru Mungu kwa kupona. Nyuma yake kuna benchi. Kwenye benchi umekaa wewe, bahasha kubwa ya eksirei iko magotini, kichwa umekilaza begani kwa Bi Jaya wako wa zipu. Nikatazama tarehe. Ilikuwa siku ya Jumatano, mwaka mzima kabla hujatuambia kwamba unaumwa.

Jumatano, Mama. Siku uliyokuwa ukituaga kwamba unakwenda Feri kununua samaki. Na samaki ulirudi nao. Nilikuwa nawapaa mimi.

Sikumngoja Hamisi. Kesho yake nilikwenda Upanga kwa Bi Jaya. Amezeeka ghafla, rafiki yako. Tangu enzi zile anakuuzia zipu za jumla sijamwona akiwa kimya, lakini siku hiyo alifungua mlango, akanitazama, akaanza kulia kabla sijauliza kitu. Akanipikia chai ya tangawizi. Akanieleza kwamba mlikuwa mkitoka hospitali mnapanda bajaji mpaka Feri, na wewe unachagua samaki changu, na pamba ya sindano bado imebandikwa mkononi. Nikamuuliza kwa nini hamkutuambia.

"Nilimwomba," akasema. "Akanijibu, 'Jaya, ugonjwa huu ni wangu. Wanangu nitawapa mwenyewe siku nikiwa tayari. Sitaki wauokote njiani.'"

Na mimi nikauokota njiani.

Nilikusudia kukukasirikia, Mama, nikashindwa. Nilipokuwa nashuka ngazi nilikuwa nawaza mwaka ule wote: ulivyopanga vifungo, ulivyofunga saumu, ulivyogomba na Hamisi kuhusu viatu vyake mlangoni. Mwaka mzima umebeba jambo zito namna ile na hukuyumba hata mara moja mbele yetu. Nimestaajabia simu, lakini wewe nimekustaajabia zaidi.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Hamisi ananisubiri. Alikuwa ameunganisha vile vipande na ujumbe wako wa sauti uliokuwa kwenye simu zetu, akaipa mashine, mashine ikakutengeneza. Akabonyeza. Ukatokea umekaa, umevaa mtandio wa kijani, unanitazama usoni. "Mwanaidi mpenzi wangu," ukasema, "msilie, mimi niko mahali pema."

Ilikuwa sauti yako. Hata ile pumzi fupi unayovuta kabla ya neno ilikuwepo. Hujawahi kuniita mpenzi wako maisha yangu yote, mimi nilikuwa "wewe Mwana," basi. Lakini mdomo wangu ukaitika "Abee, Mama," kabla sijauzuia.

Hamisi akasema hili ni dogo. Miaka michache tu mbele, watu watavaa miwani inayorekodi, mtu akikutazama barabarani atajua jina lako, unakoishi na wewe ni mtoto wa nani. Alisema hivyo macho yanang'aa. Ile video alitaka kuiweka kwenye ukurasa wake siku ya Ijumaa. Shangazi wa Tanga alikuwa ameshaiulizia.

Ndipo nikamweleza habari za Bi Jaya, neno kwa neno. Akainama.

"Mama hakusema maneno haya," nikamwambia.

"Najua, dada. Nilitaka tu kumsikia akiyasema."

Akaifuta ile video mwenyewe. Akalia, Mama, mwanao yule ambaye hata makaburini alijikaza. Nilimshika kichwa mpaka akanyamaza.

Yule mwanamke wa hospitali tulimwandikia, tukamwomba aiondoe video yake. Nilitegemea matusi, unajua watu wa mitandaoni. Akajibu palepale: "Pole sana dada. Sikujua kama nyuma yangu palikuwa na mtu na mzigo wake." Akaiondoa, akairudisha benchi halionekani. Vingine tumeviacha, hatuwezi kuugongea mji mzima milango. Kile cha muhogo nimekihifadhi. Simwonyeshi mtu. Najua ungekataa, na sijakifuta. Nakuomba radhi kwa hilo.

Liko jambo moja limebaki. Bi Jaya alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono, akanipa neno ulilomwachia na yeye akaogopa kulileta: kwamba ugonjwa huu wa titi unaweza kufuata damu, na mimi nikapimwe mapema. Kama nisingekuona kwenye benchi lile nisingekwenda kwake, na kama nisingekwenda nisingejua. Sijui nikuombe msamaha au nikushukuru, Mama. Ninavifanya vyote viwili.

Jumatatu nakwenda kupimwa. Nilipomwambia Hamisi, aliweka simu chini, akasema atakuwa nami. Naogopa. Lakini nakuahidi, majibu yakija, mazuri au mabaya, wanangu watayapata kutoka mdomoni mwangu, siku hiyohiyo, nimewashika mikono.

Mungu akupanulie ulipolala, na akusitiri kuliko tulivyoweza sisi.

Mwanao,
Mwana