Dubu ni wa Aliyemwona

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umeacha kukusumbua. Mama hajambo? Na mbwa je? Mimi mzima, ila wageni wa meli hii ya watalii wananimaliza kwa maswali.

Mama alinipigia simu akasema siku hizi hutoki kuwinda, maana suruali yako ya ngozi ya dubu mweupe imechakaa na ya dukani hutaki hata kuisikia. Alisema unashinda dirishani tu. Tangu hapo sina raha.

Basi leo asubuhi tulikuwa sitahani, mzee mmoja wa Uswisi ananitania kwamba dubu wetu ni wa kwenye mabango tu. Nikamwona, kule chini ya rasi: dume kubwa, peke yake, linatembea ufukweni. Hakuna mwingine aliyekuwa amemwona. Na nyuma ya rasi nilijua ipo boti ya baba mdogo Ilannguaq.

Solveig, yule Mnorwe anayetuongoza sisi tunaotembeza wageni, alikwisha kutuonya: dubu akionekana, redioni kimya, wawindaji wasijue. Wageni wanataka wanyama walio hai. Atakayefungua mdomo atafungasha virago.

Niliwaonyesha wageni kwanza. Wee, walipiga picha hao! Solveig akanipigapiga begani, akasema leo nimefanya kazi.

Sasa baba, nikuambie ukweli kabla baba mdogo hajautia chumvi. Dubu alipozunguka rasi nilishika redio, nikamwambia baba mdogo kwa lugha yetu dubu alikoelekea, na kwamba wa kwanza kumwona ni mimi, hivyo kwa desturi yetu ni wangu hata akipigwa na mwingine. Solveig akauliza nabwabwaja nini. Nikasema namsalimu baba mdogo. Muda si muda bunduki ikalia. Wageni wengine walilia. Yule mzee aliuliza kama nyama ya dubu ni tamu. Kisha baba mdogo akaja hadi ubavuni mwa meli akapaza sauti, mbele ya wote, akininyooshea kidole, kwamba ngozi ni ya Tukummeq. Solveig hakuhitaji mkalimani.

Nimefukuzwa. Jumamosi wananishusha hapo nyumbani, na kazi nyingine sina. Nimelia, sikufichi. Lakini ngozi unayo, anakuletea baba mdogo pamoja na barua hii, na mama atakushonea suruali, kipimo chako anakijua. Usimkatalie. Barafu ikifunga bahari, toka baba ukawinde, na unichukue na mimi, maana sasa sina pa kwenda asubuhi.

Nisalimie mama, na majirani watakaokuja kula nyama.

Binti yako,
Tukummeq