Waliokufungia Ukumbi Wamekuja Kukusifu

Kaka Tadei,

Jana walikusifu, na hasira haijanitoka hadi sasa ninapokuandikia.

Afisa utamaduni ndiye aliyeitisha kumbukumbu yako, katika ukumbi wa Majengo, ukumbi uleule aliotufungia. Alivaa suti. Akasimama mbele ya mama yako akasema, "Tadei tulimlea wenyewe."

Alikulea lini? Mimi najua ulikotoka. Ulianza parokiani, kwenye igizo la Krismasi, ulipowafanya wachungaji wagombane nani abaki na kondoo wakati wenzake wanakwenda Bethlehemu. Watu walicheka hadi katekista akanuna. Ukaingia kikundi cha utamaduni cha mkoa, mkawa mnawaimbia wageni wa serikali, na wewe ukichomeka vichekesho katikati ya ngonjera. Ushirika wa wakulima uliowafadhili ulipoyumba na kikundi kikavunjwa, wenzako walirudi kulima ulezi. Wewe ulitukusanya uani kwenu, Chanji. Mimi nilikuwa nauza maharage sokoni. Ulisema sauti yangu ya kugombana na wateja inafaa jukwaani. Uliandika, uliongoza, na prodyuza alikuwa wewe mwenyewe, yaani mtu wa kuazima viti na kuvibeba kichwani.

Halafu ukaandika igizo la ghala. Tajiri ananunua ghala la ushirika, wakulima wanakuta mahindi yao yamo ndani na sasa ni yake. Mwishoni bibi kizee, ambaye ni mimi, anamwuliza, "Na sisi tuliolima, umetununua pamoja na magunia?" Afisa akataka sehemu hiyo ikatwe. Vichekesho, alisema, ni vya kuburudisha watu. Ulimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, hapo ndipo wanapocheka zaidi." Kesho yake tulikuta kufuli jipya mlangoni.

Hukubishana. Tulikwenda kucheza Kipili, mchangani, wavuvi wakiwa wameketi juu ya mitumbwi yao. Ukaazima kamera, padri akakupa jenereta, tukarekodi mkanda, na mabanda ya video ya mjini yakauonyesha mpaka ukakwaruzika. Kisha kifua kikakulaza. Afisa hakuja hata kukujulia hali, wala kukuzika.

Jana alitaka tucheze igizo hilohilo, bila sehemu ya mwisho. Siksti, anayecheza tajiri, alinisihi, "Dada Vero, tukubali tu. Tutarudishiwa ukumbi." Tukalicheza kama alivyotaka. Lakini wenzangu walipoinama kuwaaga watazamaji, mimi sikuinama. Nikamgeukia Siksti nikamwuliza lile swali. Halafu mfugaji mmoja, huko nyuma kabisa, akacheka, na wote wakafuata.

Unajua afisa alifanya nini? Alicheka pia. Akachukua kipaza sauti akasema, "Mnaona? Huo ndio ucheshi tuliomlea nao." Hata kicheko kile alitaka kiwe chake.

Nikasema bila kipaza sauti, "Samahani mzee. Hukumlea. Ulimfungia mlango."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama yako aliinuka, akanishika mkono, tukatoka.

Leo asubuhi Siksti kapita mbele ya meza yangu ya maharage bila kunisalimia. Ukumbi hatutaupata tena. Namwelewa, ana haki ya kutaka mahali pa kuchezea, na bado nimemkasirikia. Nimekukasirikia na wewe, uliyekwenda mapema hivyo ukaniachia watu hawa.

Nimeanza kuandika igizo langu mwenyewe. Bado si zuri. Ukurasa wa kwanza unachekesha, wa pili unahutubia. Ungekuwepo ungeufuta huo wa pili wote. Basi nitaufuta mwenyewe. Jumamosi nimewaita wenzangu wawili wa sokoni, tuanze mazoezi uani kwa mama yako. Ameshafagia.

Pumzika, kaka. Nakuahidi, hakuna afisa atakayelisoma igizo langu kabla watazamaji hawajaliona.

Mdogo wako,
Veronika