Kaburi la Tauno Liko Juu

Dada Hilkka wa Oulu,

Salamu kutoka Málaga, huku Hispania, ambako pua yangu imeungua na jua tena, sikomi.

Unasema nirudi, maana Tauno ameshafariki. Dada, baridi ya huko Ufini ilimfunga kitini kwa maumivu ya magoti. Hapa mume wangu alitembea miaka miwili bila mkongojo. Hilo pekee lilitosha kutuhamisha.

Mkesha wa Krismasi nilimwashia mshumaa kaburini, kama desturi yetu. Huku wafu huzikwa ukutani, katika vishimo vilivyopangwa safu juu ya safu, naye yuko safu ya nne kutoka chini. Jirani yangu Encarna alinishikia ngazi.

“Shuka, mama wee, utamfuata mumeo!”

“Shikilia, acha kelele!”

Nililia huko juu, kisha nikashuka.

Sirudi. Usinitafutie chumba. Njoo mwakani na mishumaa ya kwetu, tena usinivalie sketi: utapanda wewe.

Mdogo wako mkaidi,
Raili