Koti la Nta Nililojichagulia

Bagamoyo, mtaa wa nyuma ya ghala la pembe

Mama yangu Bi Mwanahawa,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, na namsalimu mwalimu wa chuo atakayekusomea barua hii. Akifika mahali akataka kuguna, mwombe aendelee tu kusoma mpaka mwisho.

Kifua chako kimepoa? Paa la jikoni mmeliezeka, au bado mnahamisha mitungi kila mvua inapoanza? Mimi mzima, nakula, nalala, na goti la kulia nililoumia limepona, limebaki kovu tu.

Salamu zako amenifikishia nahodha aliyepakia chumvi huko Kilwa. Alinieleza mlivyosikia: kwamba nimefukuzwa kazi kwa ufidhuli, kwamba nimekata koti la tajiri kwa panga, na kwamba wewe unanitaka nirudi nyumbani nikaombe radhi kwa watu wa nyumba kubwa ili wanitafutie mahali. Mama, koti limekatwa, ni kweli. Kazi niliachishwa siku nane, nayo ni kweli. Lakini radhi sitaomba, huko wala huku, na nitakueleza kwa nini.

Unajua kazi yangu ni kupeleka barua za Mzungu wa ghala la pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Dar es Salaam na kurudi na majibu. Zamani nilikwenda kwa miguu. Mwaka huu aliletewa katika sanduku chombo cha chuma chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na mtu hukaa katikati akikanyaga kwa miguu yake. Wenyewe wanakiita baiskeli. Mzungu alikipanda mara mbili, akaanguka mara mbili, akanipa mimi. Nilijifunza pwani maji yakitoka, penye mchanga mgumu, watu wakinicheka mpaka wakachoka. Sasa nafika nacho Zinga, kijiji cha njiani, kabla jua halijawa kali, na njia ikiwa kavu naingia Dar es Salaam siku hiyohiyo.

Masika yalipokaribia, msimamizi wa ghala, Bwana Salehe, aliniletea koti. Lilikuwa la turubai nene lililopakwa lami, kama yale wanayovaa mabaharia wa meli za Ulaya, refu hadi kwenye vifundo vya miguu. Mgongoni alikuwa amelishonea alama ya ghala kwa kitambaa chekundu, kubwa kama sinia, ili kila mtu njiani ajue mimi ni mtu wa nani. Nilimwambia ni zito na refu kwa mtu anayekanyaga vyuma. Akasema lilikwisha chaguliwa. Nikalivaa.

Mvua kubwa ilinikuta nimeshapita Zinga. Koti lile halikuzuia maji muda mrefu. Liliyanywa, likawa zito mabegani kama nimebeba mtu. Ndani nilikuwa natoka jasho hata kanzu ikaniganda. Nilipoteremka kwenye mteremko wa mto Mpiji, pindo la nyuma likaingia kwenye mnyororo wa gurudumu. Chombo kikasimama ghafla, mimi nikaenda, na chombo kikanifuata juu yangu. Tuliangukia majini, pembezoni, mahali ambapo mtu akisimama maji yanamfika kiunoni tu. Lakini sikuweza kusimama. Koti limenivuta chini, pindo limenaswa na mnyororo, na kila nilipoinua kichwa lilinirudisha. Nilikunywa maji ya tope, mama. Nilidhani nakufa katika maji ya kiunoni.

Aliyeniokoa ni mwanamke wa Kizaramo, Mama Pili, ambaye shamba lake la mpunga liko hapo mtoni. Aliingia majini na panga lake, akanishika kichwa kwa mkono mmoja akanikalisha nipumue. Akaliangalia lile turubai lilivyojisokota, akaniuliza kwa utulivu kama anayeuliza bei ya samaki, "Nikate nguo au nikuache nayo?"

Nikamwambia, "Kata."

Alilikata kuanzia shingoni mpaka chini, katikati ya ile alama nyekundu. Kisha akanipeleka kibandani kwake, akaniwashia moto, akanipa uji. Mkoba wa barua ni wa ngozi, haukuingia maji. Kesho yake nilizifikisha barua Dar es Salaam, goti limevimba, nikarudi Bagamoyo na majibu yake.

Bwana Salehe hakuuliza habari za goti. Alikunjua vile vipande viwili vya koti nilivyorudi navyo mbele ya wapagazi wote, akataka nipige magoti nimwombe radhi kwa kuharibu mali ya tajiri, kisha nivae lingine kama hilo hilo, alikuwa nalo tayari. Nilimjibu kwamba kupiga magoti siwezi, na kwamba nguo ya mvua nitajitafutia mwenyewe, niijue kabla sijaikabidhi roho yangu. Akanicheka. Akasema, "Mtu wa kutumwa havai apendavyo."

Mama, unajua neno hilo liliniingia wapi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutembea nyuma ya wenzangu bila kofia, kwa sababu watoto wa nyumba kubwa hawakupenda kuniona nayo. Wewe ndiye uliyelia siku marehemu Bwana wa nyumba ile alipotuandikia uhuru, ukanivika kofia ya kwanza kichwani. Nikamtazama Bwana Salehe, nikasema watu wote wasikie, "Nimetumwa, lakini si mtumwa."

Akaniambia nitoke, nikatoka.

Siku zile nane sikukaa nikijililia. Nilikuwa na hakika chombo kile hakuna mwingine atakayekiweza, na nikaapa nikikipanda tena nitakuwa na nguo niliyoichagua kwa akili yangu. Nikaenda kwa fundi Jivan, mshonaji wa Kihindi mwenye kibaraza karibu na soko. Nilimweleza mambo matatu: iwe nyepesi, ikunjike mpaka iingie chini ya kiti cha baiskeli, na isininyonge. Akavua miwani, akaifuta, akasema hajawahi kuletewa kazi ya namna hiyo, basi tuanze.

Tulijaribu kila kitu. Joho la sufu nililoazima kwa jirani liliponyeshewa likanuka beberu, na halikukauka siku mbili. Vazi la majani ya ukindu, kama wanalojifunika wapanda mpunga, ni jepesi na maji huteleza juu yake, lakini nilipokimbia nalo upepo uliliinua likanifunika uso, na kulikunja ni kulivunja. Duka moja lilikuwa na koti la mpira kutoka Ulaya. Hilo nililitamani, sikufichi, maana tone halipenyi. Nikaomba nilijaribu. Ndani yake nililowa kwa jasho kuliko ambavyo ningelowa kwa mvua, na tulipolikunja na kuliweka juani kidogo likajigandisha lenyewe kwa lenyewe, tukalibandua kwa shida. Nikalirudisha.

Ndipo fundi Jivan akatoa kipande cha bafta, pamba nyeupe, nyembamba, ile ile ya kanzu. Tukayeyusha nta ya nyuki, tukaipaka kwa kitambaa, tukaipitishia pasi ya moto ili inywe. Cha kwanza kilikuwa na nta nyingi mno, kilipokunjwa kikapasuka mistari na maji yakapita papo hapo. Cha pili tulichanganya nta na mafuta kidogo ya ufuta, tukapaka kidogo kidogo. Kikawa laini. Nilimwagia kata ya maji, matone yakasimama juu yake kama ushanga, yakateremka, chini pakavu. Fundi Jivan alikigeuza huku na huku, akaanza kunipima mabega.

Ukataji wake niliutaka mimi. Mbele fupi, liishie kiunoni, magoti yakanyage bila kugusa nguo. Nyuma refu kidogo, lifunike kiti, lakini lisifike kwenye gurudumu. Mikono ifungwe kwa uzi kwenye vifundo. Chini ya makwapa tuliacha matundu ili joto litoke. Limeshonwa mara mbili na uzi wenye nta. Likikunjwa linakuwa kama mkate wa kumimina, na nalifunga kwa kamba chini ya kiti nikasahau kwamba lipo. Sikudanganyi kwamba ni muujiza: mvua ya kutwa nzima mwishowe hupenya kidogo mabegani, na kila mwezi nalipaka nta upya. Ila halinizamishi.

Wakati huohuo kule ghalani, karani mmoja alipanda chombo akaangukia vikapu vya utomvu wa sandarusi. Wakatuma watu wawili kwa miguu, wakarudi baada ya siku tano. Siku ya nane Mzungu akaniita.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mzungu alikuwa amekaa barazani, na kwa kuwa Kiswahili chake hakitoshi, aliyesimama kando yake kutafsiri ni Bwana Salehe. Nilikunjua koti langu, nikalivaa, nikasimama chini ya mfereji wa paa, pale maji yanapomwagika kwa nguvu zote. Nikakaa hapo mpaka wapagazi wakaacha kazi kutazama. Kisha nikapanda barazani, nikalivua, nikamwonyesha kanzu yangu. Ilikuwa kavu, isipokuwa pindo.

Mzungu alilishika, akalinusa, akalikunja, akasema maneno mengi. Bwana Salehe akatafsiri macho yakiwa chini: tajiri anasema koti ni zuri, urudi kazini leo. Halafu Mzungu akaongeza kitu, na hapo Bwana Salehe akainua macho. "Anasema lishonewe alama ya ghala mgongoni."

Mama, hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Kazi nimeshaipata. Kitambaa chekundu hakina uzito. Lakini nilikumbuka lile panga lilipopita katikati ya alama, na pumzi niliyovuta baada yake. Nikasema, "Mwambie alama aitie kwenye mkoba, kwa sababu mkoba ni wake. Koti ni langu, na mgongo ni wangu."

Nadhani Bwana Salehe alikuwa anatafuta namna ya kuyapunguza maneno yangu. Nikamwambia, kwa heshima, ayatoe yote kama yalivyo. Akayatoa. Mzungu alinitazama, akatazama mvua, kisha akanisukumia mkoba wa barua juu ya meza.

Basi ndiyo habari yenyewe. Kama kuna wanaosema huko kwamba mwana wa Mwanahawa amekuwa na kiburi, usibishane nao. Waambie ndiyo, anacho, na anakipaka nta kila mwezi.

Nisalimie mjomba mshona makubadhi na mkewe. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na bibi jirani anayekukandia kifua. Dada yangu mpika vitumbua mwambie nimempata fundi wa cherehani wa kumshonea, apimwe urefu kwa kamba, afunge fundo mwisho wake, nahodha aniletee. Wewe nakutumia vipande viwili vya bafta iliyotiwa nta. Kimoja cha kujitanda ukienda kisimani, kingine ufanyie upendavyo wewe, usimuulize mtu.

Naiachia hapa. Mawingu yameshuka upande wa Zinga na mkoba umejaa. Watu wa barazani wananishauri ningoje kwanza mvua ipite. Siingoji.

Ni mimi mwanao, niliyezaliwa na wewe na wala si mtu wa mwingine yeyote,

Farijala